Mwanafunzi wa Kumi na Tano

Mamzeli Honorata amekufa, na mimi nimetakiwa kumlilia. Habari ililetwa na simu ya Asteria, rafiki yangu wa tangu shule ya masista, ambaye hata leo akishika simu hupiga kelele utadhani bado tunaitana kutoka kilima hadi kilima. "Vene! Mamzeli wetu amekufa! Tunamuzika siku ya ine, kule Bweremana. Na weye njo utasema mbele ya bantu, juu weye njo mwalimu." Nilikuwa nachambua maharagwe kwenye ungo, nikaendelea kuchambua, naye huko akaendelea kuita alo, alo. Mwisho nikasema nitakuja. Nina miaka sabini na mitatu, magoti yangu hayapendi magari, na barabara ya kutoka Goma kupita Mubambiro na Sake mpaka kule ziwani si ya mtu wa umri wangu. Ningeweza kusingizia magoti na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilitaka kumwona akiwa amelala, mwanamke huyu ambaye siku moja alinyamaza pale alipopaswa kusema, na kunyamaza kwake kukawa maisha yangu.

Watu wakisikia mwaka wa 1966 huko kwetu hufikiria vita na barabara zilizokatika. Mimi nafikiria baridi. Nilikuwa nimetoka Walikale, chini msituni, ambako blanketi ni kitu cha kuonyesha wageni, nikapelekwa juu Masisi kusoma kwa masista, mahali ambapo ukungu uliingia darasani asubuhi bila kubisha hodi na kukaa nasi mpaka somo la pili. Bweni lilikuwa refu, na dirisha moja lisilofunga vizuri, na kitanda changu kilikuwa chini ya hilo dirisha. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama, saa sita tulikula bugari ya muhogo na maharagwe, na jioni, ili tusichoke na maharagwe, tulipewa maharagwe na viazi. Nilikuwa nawaza mawese ya kwetu mpaka machozi. Wasichana wa Masisi walinicheka. Walisema watu wa msituni tunakula nyani na kusali kwa miti, nami niliwajibu kwamba nyani angalau ana ladha. Nilikuwa peke yangu kutoka Walikale katika darasa zima, na ulimi wangu ndio ulikuwa kaka yangu.

Tulikuwa mwaka wa pili wa sekondari, na mwaka huo ulikuwa njia panda. Mwishoni mwake kila msichana alipaswa kujaza karatasi, fishi tuliyoiita ya orientasio, aseme anataka kuendelea na seksio gani. Ukishaandika umeandika. Seksio ya sayansi ilikupeleka kwenye hesabu, kemia na biolojia, na baada ya hapo université, na huko udaktari. Seksio ya pedagojia ilikupeleka kwenye ubao wa shule ya msingi, chaki mkononi. Sayansi ya wasichana ilikuwa mbali, Bukavu. Shule yetu yenyewe iliishia mwaka wa pili, ila masista walikuwa wakihangaika kufungua pedagojia ili wasichana wasirudi majumbani.

Mimi nilikwishachagua, na aliyenichagulia pamoja nami alikuwa Masere Godeliva. Huyu alikuwa sista Mzungu, mnene, mwenye mashavu mekundu, aliyetufundisha hesabu na mimea, na alasiri aliangalia wagonjwa kwenye dispanseri. Aliniomba nimsaidie kuosha vioo na chupa. Siku moja aliniita, akaniinamisha juu ya hadubini, akasema, "Tazama, usipumue." Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe. Halafu nikaona mayai, madogo, meupe, yamejipanga kwa amani kabisa. "Minyoo ya yule baba wa nje," akasema. Nilitoka nikamtazama yule baba aliyekaa kwenye benchi na kofia mapajani, nikajua jambo la tumboni mwake ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Sijui kama kuna furaha kubwa kuliko ile. Nimezaa, nimeolewa, nimebatizwa utu uzima nikiwa na akili zangu, na bado nasema sijui.

Kiswahili cha Masere Godeliva hakikuwa na mapambo. "Wewe, Veneranda, kwenda Bukavu. Sayansi. Halafu université, Léopoldville. Miaka mingi, kichwa kuuma. Utarudi daktari." Aliandika barua Bukavu, na jibu likaja kwamba nafasi yangu imewekwa. Alinionyesha barua hiyo kwenye dispanseri kati ya ndoo na mizani ya watoto, nikaisoma mara tatu kutafuta mtego. Kabla ya Pasaka ini lake likamwangusha. Alipakiwa kwenye gari akiwa wa manjano kama ndizi mbivu, arudishwe kwao kutibiwa, na jambo la mwisho aliloniambia kupitia dirishani lilikuwa, "Andika tu kwenye fishi. Nafasi iko."

Fishi zikabaki mikononi mwa Mamzeli Honorata. Naye alikuwa nani? Alikuwa fahari yangu. Mwanamke wa kwetu, wa Walikale, Mnyanga kama mimi, wa kwanza kati ya wanawake wetu niliyemwona akivaa viatu vya kisigino siku ya kazi na kuitwa Mamzeli na Wazungu. Alitufundisha Kifaransa. Darasani alikuwa mkali kwangu kuliko kwa wengine, lakini kwenye korido, masista wakiwa mbali, alinisemesha Kinyanga haraka haraka, maneno mawili matatu, na mimi nilishiba kwa siku nzima. Likizo ya Krismasi alipita nyumbani kwetu, akakaa kwenye kigoda cha mama yangu jikoni, akala. Kumbukeni hilo la kula, kwa sababu hapo ndipo kesi yangu ilipo.

Wakati huohuo kulikuwa na maneno mengine. Siku moja mimi na Asteria tulikuwa tukimenya viazi nyuma ya jiko, chini ya dirisha la parlwari, chumba ambamo masista walipokelea wageni. Inspekta wa shule alikuwa ndani, mtu mpole mwenye sauti ya kuchoka. Tulimsikia akisema, "Mama Mukubwa, batoto kumi na tano. Chini ya kumi na tano serikali haifungue seksio, na miye siwezi kubadanganya." Mama Mukubwa, yaani sista mkubwa wa nyumba, alijibu kitu kwa Kifaransa. Kisha sauti ya Mamzeli Honorata, wazi kabisa: "Tutabapata, Papa Inspekta. Miye mwenyewe nitabapata." Asteria akaacha kumenya. Kisu kilibaki kimesimama ndani ya kiazi.

"Kama habafungue," akaniambia, "miye nimekwisha."

"Umekwisha namna gani?"

"Baba amesema shule ikiisha naenda kwa ule muzee wa Kirolirwe. Ngombe zimeshafika kwetu, Vene. Minaona zinakula majani ya mama kila likizo. Ule muzee iko na bibi babili, na meno haina."

Nilicheka juu ya meno, Mungu anisamehe. Nilikuwa na nafasi Bukavu na nilikuwa na haki ya kucheka.

Siku ya fishi ilikuwa ya mvua. Mamzeli alizigawa yeye mwenyewe, akipita kati ya madawati, visigino vikigonga sakafu. Karatasi ilikuwa na mistari miwili kwa Kifaransa: uchaguzi wa kwanza, uchaguzi wa pili. Alisimama mbele akasema Mama Mukubwa angefurahi sana kuona neno pedagojia, kwamba shule hii imetulisha na kutufunza, kisha akageuka kufuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Nikachovya kalamu. Mstari wa kwanza nikaandika pedagojia. Mstari wa pili nikaandika sayansi, Bukavu, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Mtasema nilikuwa mjinga. Wanangu wamesema hivyo, kwa heshima. Basi nisikilizeni. Jikoni kwa mama yangu, mgeni akiulizwa atakula nini, hatamki tamaa yake kwanza. Msichana aliyelelewa vizuri hutaja kwanza kile kisichomsumbua mwenye nyumba, kile ambacho mwenye nyumba angependa kutoa. Halafu, kwa sauti ya chini, hutaja kingine, kana kwamba kimempita tu kichwani. Mwenye nyumba husikia hicho cha pili, na hicho ndicho hupakua. Mama alinifundisha kwa kunifinya sikio: "Ya kwanza iko ya mwenye nyumba. Ya pili njo yako." Atakayepakua kile cha kwanza ni mchoyo, au si wa kwetu. Na Krismasi ile Mamzeli Honorata, na visigino vyake na Kifaransa chake, alipoulizwa na mama alisema, "Ndizi tu, mama, inatosha. Ao kama ile nyama ya moshi iko..." Mama akampa nyama, tena paja, na ndizi hakumwonyesha hata maganda.

Sikuwa mjinga. Nilijua kwanza maana yake nini na pili maana yake nini. Lakini nilijua pia kwamba karatasi ile haingesomwa na inspekta wala na Mama Mukubwa. Wao wangeletewa orodha tu. Ingesomwa na Mamzeli. Sikuwa naandikia serikali, nilikuwa namwandikia mtu wa nyumbani. Kuanza na Bukavu, mbele ya masista walionilisha miaka miwili, kungekuwa kumpiga Mama Mukubwa kofi na kumwaibisha Mamzeli kwamba ndivyo kwao wanavyolea. Nilimpa heshima, nikamwachia yeye kazi ya kusikia. Nilikabidhi fishi yangu nikitabasamu, naye akaisoma palepale akiwa amesimama. Akanitazama kidogo. Nilidhani ule ulikuwa mtazamo wa kuelewana. Ulikuwa hivyo kweli, na ndiyo maana sijaweza kuusahau.

Orodha ilisomwa Jumapili saa sita, kwenye refekitwari, tukiwa na vijiko mkononi. Mama Mukubwa alitangaza kwa furaha kwamba seksio ya pedagojia itafunguliwa mwezi wa tisa. Akasoma majina. Asteria alikuwa wa tatu, akafunika uso kwa mikono. Nilihesabu bila wasiwasi, nikisubiri yaishe ili yasomwe ya Bukavu. La kumi na nne. La kumi na tano lilikuwa langu. Niligeuka kumtafuta Mamzeli Honorata kwenye meza ya walimu, na yeye alikuwa anakata kiazi chake vipande vidogo, vidogo sana, kama wa kumlisha mtoto.

Baada ya chakula nilikwenda chumbani kwake. Sikuwahi kuingia mle. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa hadi kuogofya, pasi ya mkaa, na picha ya Bikira Maria aliyeliwa na unyevu upande mmoja. Hakunikaribisha kitu, hata kiti. Nilianza kwa Kinyanga, akanijibu kwa Kiswahili, na nikajua nimekuja ofisini.

"Mamzeli, jina yangu imewekwa pahali haiko yake."

"Iko pahali uliandika, Veneranda."

"Ulijua ile ya kwanza haikuwa yangu."

Alikaa kitandani. Alivua kiatu kimoja, akakitazama ndani, akakivaa tena. "Nilijua," akasema.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo. Kwa ukweli sikuwa nimejitayarisha. "Sasa juu ya nini?"

"Juu bila weye biko kumi na ine. Kumi na ine, inspekta hafungue. Asteria anaenda kwa ule muzee. Bengine banaenda kulima ao kuzaa, hakuna atasikia tena jina yabo. Na miye pia narudia kwetu, sitakuficha. Mwalimu ya Kifaransa bila batoto, batanifanyia nini?"

"Na miye?"

"Weye uko na akili. Muntu ya akili hakose njia."

Nimesikia neno hilo mara nyingi maishani, daima kutoka kwa mtu anayefunga mlango. Nikaanza kulia, si kwa huzuni, kwa hasira, na kamasi zikanitoka, na hata hapo niliona aibu kujifuta kwa mkono mbele yake. Yeye naye nadhani aliona aibu. Aliinuka, akatoa orodha kutoka ndani ya kitabu cha misale, akaifungua mezani, akaweka kalamu juu yake.

"Camion ya mizigo itapelekea inspekta orodha kesho asubui," akasema. "Bado iko hapa. Kama unataka, futa. Lakini futa weye mwenyewe. Mukono yangu haitafuta."

Akasimama kando ya meza, mikono nyuma, akisubiri. Nilichukua kalamu. Nje wenzangu walikuwa wanaosha sahani kwenye bomba, na nilimsikia Asteria akicheka, kicheko cha kupayuka ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Pasaka. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye herufi ya kwanza ya jina langu. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya mstari mmoja mfupi. Nilisikia Mamzeli anapumua kwa pua. Kisha nikamrudishia kalamu kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu mzima, nikasema, "Asante, Mamzeli," nikatoka.

Nafasi ya Bukavu akapewa mwingine. Masere Godeliva aliniandikia kutoka kwao akiuliza biolojia inaendaje, na kwa kuwa sikujua nimjibu nini, sikumjibu, na barua nyingine haikuja. Nilisoma pedagojia miaka yote minne. Kati yetu kumi na watano, diploma tulichukua tisa. Asteria hakuwa mmoja wao. Alikaa miaka miwili, akampata mwashi wa misheni mwenye meno yote, akaolewa kwa mapenzi yake, na hakufundisha hata siku moja. Mimi nilifundisha miaka thelathini na minane, Walikale, kisha Masisi, kisha Sake. Ningependa kuwaambia kwamba nilifundisha vibaya, ili angalau iwe wazi kwamba haikuwa kazi yangu. Nilifundisha vizuri. Wakubwa walinisifu, wazazi waliniletea kuku. Daktari anayenitibu magoti pale Goma alipita mikononi mwangu akiwa hajui kushika kalamu. Ananiita Mama Mwalimu, ananipapasa goti kwa adabu, na mimi humwangalia vidole na kumchukia kidogo, kisha namuuliza hali ya watoto wake.

Bweremana watu walijaa. Mamzeli alikuwa amekuwa mdogo ndani ya sanduku, na mtu alikuwa amempaka poda isiyo ya rangi yake. Niliposimama kusema, nilisema kwamba hakuwahi kuchelewa, kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri, kwamba bila yeye wasichana wa milima hii wasingepata seksio. Kila neno lilikuwa la kweli. Watu walisema amina. Wenzangu wa darasa waliobaki, wanne, walilia kweli kweli, na mimi nilitazama ziwa.

Baada ya mazishi mimi na Asteria tulikaa nyuma ya nyumba tukila samaki kwa mikono, na hapo nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia juu ya fishi, juu ya orodha mezani, juu ya kalamu. Alisikiliza bila kutafuna.

"Kama ungefuta," akasema, "miye ningeenda Kirolirwe."

"Ndiyo."

"Na weye ungekuwa docteur."

"Labda. Ndiyo."

Akaweka sahani chini. "Bantu banasema miaka mbili haiko kitu. Ile miaka mbili njo ilinifanya muntu, Vene. Njo nilijifunza kusema hapana kwa baba. Na miye kila siku namuombea Mamzeli. Kumbe ilikuwa weye!" Akanishika mikono yote miwili na mafuta ya samaki, machozi yakimtiririka kwenye mikunjo. "Asante, dada. Asante, asante sana."

Nilitaka kumwambia ukweli. Kwamba siku ile sikumfikiria hata kidogo, yeye wala mzee wake wa Kirolirwe. Nilisikia kicheko chake tu kama unavyosikia bomba. Kwamba niliona haya kufuta jina langu mbele ya macho ya mtu mzima, basi, na kwamba kama Mamzeli Honorata angetoka nje ya chumba kile dakika moja, ningelifuta hadi karatasi itoboke. Miaka hamsini na kitu nimetaka mtu mmoja anishukuru, na sasa shukrani ilikuwa hapa, imenishika mikono, na haikuwa yangu. Asteria alinitazama akingoja nijibu.

"Hakuna neno, dada," nikasema. "Kula samaki wako, anapoa."